Mama Ngiri Alipoinua Magoti

Paukwa!
Pakawa!
Itikieni kwa nguvu. Aliyechoka ni mimi, siyo nyinyi.

Hapo zamani za kale, Mama Ngiri alikuwa akichimba mizizi ya chakula cha jioni. Ngiri huchimba akiwa amepiga magoti. Basi magoti chini, pua mchangani, chimba, chimba, kru, kru. Nyuma yake watoto wake wanne, Kishindo na wadogo zake, wanacheza.

"Acheni," akasema bila kugeuka. Hawakuacha.

"Komeni." Hawakukoma.

"Tulieni." Ndiyo kwanza vumbi likapanda.

Watoto walimjua mama yao. Alikataza kwa mdomo tu, na mdomo wenyewe umejaa mizizi. Magoti yakiwa chini, mchezo unaendelea.

Mara hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, akatua mtini. "Hodi, Mama Kishindo."

"Karibu. Sina nafasi."

"Hata mimi sikai. Chatu ameingia kwenye lile shimo la mhanga, yule mla mchwa, pale kichuguuni. Wanao wako wapi?"

Mama Ngiri akageuza shingo. Watatu wako karibu. Wa nne, Tope, kitindamimba, yuko mbele ya shimo lile lile. Ngiri wakubwa huingia shimoni kinyumenyume, na Tope siku hiyo alikuwa anajifunza ukubwa. Mkia kwa chatu, macho kwa mama. Akarudi nyuma kidogo.

"Tope, acha!"

"Naam, mama." Akarudi nyuma.

"Koma!"

"Nakoma, mama." Akarudi nyuma.

"Tulia wewe!"

"Mbona nimetulia." Akarudi nyuma. Ndani ya shimo kitu kikavuta pumzi, sssss.

Maneno yakamwishia Mama Ngiri. Akatema mizizi. Akafunga mdomo. Akainuka, magoti yakalia ko, ko. Akasimama kimya, anamtazama mwanawe.

Tope akaganda. Mama amesimama? Mama amenyamaza? Leo kuna jambo.

"Njoo," akasema mama, kwa sauti ndogo.

Tope akatimua mbio, tupu tupu tupu. Nyuma yake, fyaa! Chatu akang'ata vumbi.

"Kumbe mama unasimama," akasema Tope, anahema.

"Hata mimi nimeshangaa."

Hondohondo akacheka mpaka mdomo ukamlemea. "Kelele zote zile, Mama Kishindo, na dawa ilikuwa magotini."

Jioni mizizi ikaandaliwa. Watoto wakaanza kusukumana.

"Acheni," akasema Mama Ngiri. Wakasukumana.

Akashusha pumzi, akaanza kuinuka. Goti moja likalia ko. Kabla la pili halijalia, wote wamekaa. Akawahesabu: Kishindo, wale wawili wa katikati ambao kila mtu huwasahau, na Tope. Wapo.

Funzo ni hili: ukikataza kila kitu bila kuinuka, siku ya hatari hakuna atakayekusikia. Nami nawaambia haya nikiwa nimekaa, miguu nimenyoosha, na hapo nyuma kuna wanaovutana mkeka tangu nilipoanza.

Haya, nainuka.

Naona mmetulia. Hadithi yangu naitua hapa. Sahani hizo zikaoshwe, na wote nawaona.