Makaburi ya Uwanja wa Kivumbi

Jumanne saa nne asubuhi, mahakama ilihamia uwanja wa Shule ya Msingi Kivumbi. Tajiri Mwalyego, ambaye mjini hapo alikuwa amebakiza kunyakua uwanja huo tu, aliishtaki Serikali akidai ni ardhi ya ukoo wake. Ushahidi wake ulikuwa matuta matatu ya udongo karibu na goli.

"Hapa wamelala babu zangu," alisema akivua kofia.

Wakili wa Serikali, Tulizo Sanga, alivua viatu kabisa.

"Pole sana, mzee wangu. Waliugua nini?"

"Homa."

"Wote watatu?"

"Wote, wiki moja."

"Jamani! Na wewe umefanana nao?"

"Sana! Mimi na yule wa katikati ni sura moja."

"Mheshimiwa Jaji, undugu huo Serikali haiupingi," alisema Tulizo.

Mwalyego alitabasamu.

"Namwita shahidi wangu," aliendelea Tulizo.

Alijitokeza bwana mifugo wa kata. Aliapa kwamba mwaka uliopita alifukia pale nguruwe watatu wa mradi wa shule, waliokufa kwa homa.

Kesi iliondolewa saa sita mchana, kwa ombi la mjukuu mwenyewe.