Zahanati ya Mkurugenzi Aliyeumwa na Nyuki

Sogeeni hapa, na anayetafuna atafune kimya. Nina kesi imenishinda, tena imenitia hasira. Mtaniamulia nyinyi.

Huko milimani Upare kuna kijiji chenye vitongoji vitatu, kila kimoja mbali na mwenzake, na zahanati hakuna hata moja. Kitongoji cha Juu anakaa Mbonea, ambaye mgongo wake ndio gari la wagonjwa. Anakubeba akishuka mlima mbio na hajikwai. Dada yake mwenyewe alimfia mgongoni, hospitali bado iko mbali.

Kitongoji cha Kati anakaa Bibi Nakiete, mfuga nyuki. Yeye huingia kwenye kundi la nyuki kama wewe unavyoingia jikoni kwako. Mjukuu wake ana pumu, na baridi ikianza nyumba nzima hailali.

Bondeni yuko Senzighe, bwana mifugo mstaafu. Kazi yake ng'ombe, lakini watu humpelekea watoto, wafanyeje? Kila akimchoma mtoto sindano huhofu siku moja ataua.

Basi akaja Mkurugenzi Lutengano wa taasisi moja ya hisani ya mjini. Alikuja kutangaza zahanati, kitongoji gani ataamua yeye. Alikuja na maturubai, maji yake ya chupa, wapiga picha, na fulana zilizoandikwa "Afya Sawa kwa Wote". Spika kubwa kama kabati wakaiweka karibu na mizinga ya Nakiete.

"Jamani, hawa hawapendi kelele," Nakiete akasema.

"Mama, tuna ratiba," dada wa itifaki akamjibu bila hata kumtazama.

Eti ratiba! Muziki ulipolia tu, nyuki wakatoka. Wageni wakakimbilia magarini, wakapandisha vioo, wakamwacha bosi wao nje anapigana na hewa. Aligonga mlango wa gari lake mwenyewe na hakufunguliwa. Watu wa hisani hao!

Nakiete akawasha moshi, akaingia, akamfunika kwa kanga yake na kumtoa. Angechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumzia matanga.

Lakini uso ulikuwa umevimba, koo linambana. Magarini hakuna aliyethubutu kushusha kioo. Mbonea, aliyekuwa ameshuka kusikiliza, akambeba mgongoni, na mwanamume yule alikuwa mzito, maana alikuwa amekula. Akateremka naye hadi Bondeni bila kupumzika.

Senzighe akafungua kasha lake. "Dawa ninayo, lakini ni ya ng'ombe!"

"Mchome, mzee! Huyu anakata roho!" Mbonea akafoka.

Senzighe akapima kiasi cha mtu, akachoma. Koo likafunguka.

Kesho yake Mkurugenzi, uso bado kama andazi, akaitisha mkutano. Ungedhani amejifunza kitu. Thubutu!

"Nimeguswa sana," akasema. "Zahanati itajengwa kitongoji cha yule aliyeniokoa. Mchagueni wenyewe, mniletee jina."

Na watu wakapiga makofi! Wakapiga makofi, mnanisikia?

"Na vitongoji vingine je, baba?" Nakiete akauliza.

"Bibi, rasilimali ni chache," akajibu, akapanda gari. Msafara wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba vumbi la gari la mwisho lilitufikia tukiwa tumeshaanza kugombana.

Juu wanasema, bila mgongo wa Mbonea angefia njiani. Kati wanasema, bila Nakiete kusingekuwa na mtu wa kubeba. Bondeni wanasema, bila sindano mngebeba maiti. Wote wanasema kweli, na ndiyo inayoniudhi. Watu watatu waliookoa roho moja kwa pamoja sasa wakikutana njiani hawasalimiani. Na Mkurugenzi ametuma ujumbe kwamba jina lisipofika upesi, zahanati ataipeleka kijiji kingine.

Msiniambie wagawane. Huwezi kumpa huyu mlango na yule kitanda. Na wewe unayecheka pale nyuma, ukisema wangemwacha afe, zahanati ungeijenga kwa meno?

Haya, semeni. Je, wewe ungepeleka jina la nani? Na ukishalipeleka, usiku mjukuu wa Nakiete akibanwa na kifua, au mtu mwingine akimfia Mbonea mgongoni, au mtoto akifia mikononi mwa Senzighe, utaingia nyumba ile useme nini?