Bomba la Pili

Wapendwa, kabla sijafunga Neno la leo nina kisa cha bwana mmoja aliyekuwa akifuga samaki sebuleni kwake. Si wa usharika huu, kwa hiyo acheni kugeuka kutazamana.

Samaki wenyewe hawakuwa wa kula. Walikuwa wale wadogo wa kutazama, wengine wa rangi ya chungwa, wengine wa mistari, wanaokwenda na kurudi ndani ya kioo siku nzima bila kufika popote. Tangi lao lilikaa juu ya kabati, na ndani ya kabati kulikuwa na tangi jingine ambalo mgeni halioni. Maji ya juu yakijaa yalishuka kwa bomba hadi tangi la chini, yakachujwa uchafu, kisha pampu ikayarudisha juu. Bwana huyu akitoka kazini alivuta kiti mbele ya kioo, akawatazama samaki wake mpaka chakula kikapoa. Alipenda utulivu. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi nikifika nyumbani nataka kimya."

Basi Alhamisi moja tangi likaanza kelele. Bomba likakoroma, likafyonza, likatoa sauti ambayo mtanisamehe kuitaja mahali hapa, sauti ya choo cha kuvuta. Guruuu, kimya kidogo, halafu guruuu tena. Na maji yaliyokuwa safi yakajaa mapovu madogo madogo, ukadhani samaki wanaogelea kwenye soda.

Wiki nyingine angesema tutaona kesho. Lakini Jumamosi ile alikuwa anakuja mama mkwe wake.

Nanyi mnajua mkwe ni nani kwetu. Mwanaume mzima mwenye cheo chake ofisini, akikaa mbele ya mama mkwe anakunja miguu kama mtoto wa kipaimara. Humkodolei macho. Humkatizi akisema. Huinuki ukampa mgongo, sembuse kuinama mbele yake! Sasa mama huyu akae sebuleni, ashike kikombe chake cha chai, na pembeni ya sikio lake choo kinavuta? Bwana alipolifikiria jambo hilo jasho lilimtoka.

Tena hakujua mama anakuja kwa lipi. Alikuwa ametuma ujumbe mfupi tu kwenye simu: "Nakuja Jumamosi mchana. Nina neno." Eti ana neno. Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa hivyo na mkwe akala akashiba?

Akamwendea mkewe. "Mama ana neno gani?"

"Sijui," mkewe akasema. "Atasema mwenyewe." Akaendelea kukunja nguo.

Zamani mwanamke huyu asingejibu kwa kifupi hivyo. Zamani kila jioni alikuwa na lake. Kwa nini unatoka bila kuaga, kwa nini unarudi unakaa na samaki, tangu Krismasi hujaniuliza hata nimeshindaje. Kila jioni, hadi siku moja bwana akachoka, akamwambia, "Mke wangu, hebu nyamaza hata wiki moja nipumzike." Mke akanyamaza. Wiki ile ikapita, na mwezi ukapita, na miezi. Bwana akafurahi kweli, akawaambia wenzake kazini kwamba sasa nyumba imetulia.

Haya. Akampigia simu fundi wa matangi.

"Fundi, tangi linapiga kelele, na mkwe wangu anakuja."

"Mle ndani mabomba yako mawili, bosi," fundi akasema. "Kuna la kwanza linalopitisha maji siku zote, na kuna la pili, mdomo wake uko juu zaidi, hilo ni la dharura. Lipi linalopiga kelele?"

Bwana akaweka sikio kwenye kioo. "La pili."

"Basi la kwanza limekabwa na kitu. Maji yamekosa njia, yamepanda hadi la pili. Kelele hizo ndiyo kazi yake. Niko safarini, nitakuja Jumatatu nizibue. La pili usiliguse."

"Na haya mapovu?"

"Maji ya chini yamepungua, kwa hiyo pampu inavuta hewa. Na hapo usiongeze maji, bosi wangu. Yaliyomo hata yakipanda yote, tangi la juu linayamudu. Ukiongeza, yatatafuta sakafu. Vumilia kelele mpaka Jumatatu."

Vumilia kelele! Kwani fundi hana mkwe?

Jumamosi saa saba mchana, mkewe alipokwenda stendi kumpokea mama yake, bwana akabaki na tangi peke yake. Alilitazama. Likamkoromea. Akaenda stoo, akakata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro la zamani, akakikunja, akakishindilia kwenye bomba la pili kwa kidole gumba. Guruuu ikakatika katikati. Kisha akaleta ndoo mbili za maji, akazimimina kwenye tangi la chini, na mapovu nayo yakaisha. Maji yakawa maangavu kama hewa. Akasimama katikati ya sebule, akasikiliza, hakusikia kitu. Nawaambieni, aliona raha sana.

Mama akaingia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Akaketishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, na kiti hicho kilikuwa pembeni ya tangi ili awaone samaki. Alikuwa ametembea juani, miguu inamwaka. Akavua viatu, akaikanyagisha miguu kwenye vigae vya baridi, akasema ahsante Bwana Yesu. Na karibu na miguu ile, chini palepale, ilikuwa imelala waya ya kuongezea umeme, ile yenye matundu ya plagi, na pampu imechomekwa humo.

Mkewe akaleta chai, akakaa kwenye mkeka. Mama akaiombea nyumba. Na mjue mama huyu haombi kwa haraka. Aliwataja wagonjwa mmoja mmoja, akawataja walio safarini, na mkwe wake pale kwenye kiti chake akafumbua jicho moja.

Maji ya tangi la juu siku zote yalibakiza vidole viwili kufika ukingoni. Sasa yalibakiza kimoja.

Akafumba jicho. Akafumbua. Alijidanganya kwamba ni macho yake. Amina ilipotamkwa, hata hicho kidole kimoja hakikutimia. Alielewa kila kitu. Maneno ya fundi yote yakamrudia, na sponji akaiona kwa akili yake ilivyokaa mle ndani imejikunja. Kuitoa ni dakika moja tu. Lakini lazima uinuke, upite mbele ya mama, uinamie tangi huku umempa kisogo na visivyotajwa. Na mama ndiyo kwanza amekohoa aanze neno lake.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa.

Akamkonyeza mkewe. Mkewe alikuwa anatazama kikombe chake. Akakohoa, mke hakuinua macho. Akajaribu njia nyingine.

"Mama, si uhamie kiti hiki cha huku? Kina mto."

"Hapa panatosha, baba. Nimeshakaa."

"Huko kuna joto, mama."

"Joto nimeliacha njiani. Sasa nisikilizeni."

Akaanza kutoka mbali, kama wazee wetu wanavyoanza, siku ya posa, nani alisema nini, mshenga alikosea wapi. Bwana hakusikia neno. Alitazama maji. Yalifika ukingoni, yakavimba kidogo, yakasita, kisha tone moja likavuka, likateleza juu ya kioo kwa nje. La pili likalifuata. Utepe mwembamba ukashuka kwenye kabati, ukafika kwenye vigae, ukaanza kutambaa kuelekea ile waya na ile miguu.

"Mama..." akasema.

Mama akainua kiganja. "Ngoja kwanza nimalize."

Na yeye akangoja! Wapendwa, aliona maji, aliona umeme, aliona miguu mitupu ya mama wa mke wake, na akangoja, maana hatumkatizi mkwe.

Mkewe ndiye aliyeinua macho. "Mama, miguu juu!" Akairusha mwenyewe miguu ya mama yake juu ya kiti, akaruka hadi ukutani, akazima swichi kubwa. Pampu ikafa. Maji yakaifikia waya, yakaizunguka, lakini mle hamkuwa na umeme tena.

Hakuna aliyeumia. Mama alikaa amekumbatia magoti kama msichana, anahema. Akamtazama mkwe wake usoni, na safari hii bwana hakuwa na pa kuweka macho.

"Baba, maji haya ulikuwa unayaona?"

"Nilikuwa nayaona, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu unaomba."

"Na chombo chenyewe hakikutoa hata sauti?"

"Kilikuwa kinapiga kelele tangu Alhamisi, mama. Nilikiziba mdomo, usije ukasikia."

Mama akajiweka sawa kitini. Kisha akasema, "Basi nimalize neno langu, ni fupi. Mwaka jana binti yangu alikuwa ananipigia simu kila Jumapili kukulalamikia. Nilikuwa namsikiliza, namkemea kidogo, nalala usingizi wangu. Nilijua anayelalamika bado anategemea kusikilizwa. Tangu Pasaka hanilalamikii. Nikimwuliza, ananiambia tuko salama, mama. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimekuja kuuliza kuna nini humu."

Akamgeukia binti yake. "Sema mbele yake. Nipo hapa."

Na bwana yule, aliyeomba kimya miaka yote, sasa aliomba moyoni mkewe aseme. Amtukane. Aanze na Krismasi aje mpaka leo. Alikuwa tayari kusikiliza hadi asubuhi.

"Sina la kusema, mama," mkewe akajibu kwa upole. "Begi langu liko tayari tangu Jumatano."

Lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chao wenyewe. Siku tatu bwana alikuwa akiufungua na kuufunga mlango ule.

Mke na mama yake walipotoka nalo, bwana aliwafuata hadi getini, soksi zinamwaga maji, heshima ya mkwe ameisahau. "Mke wangu, niambie basi nilichokukosea! Niambie!"

Mkewe akageuka. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. "Nilikuambia," akasema. Wakaenda.

Jumatatu fundi alikuja kama alivyoahidi. Ndani ya bomba la kwanza alikuta konokono, mmoja tu, si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Kumtoa kulichukua muda mfupi kuliko niliotumia kuwaambia.

Sasa sisi. Wapo wanaotaka kuniuliza kama yule mwanamke alirudi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba tunapenda sana kusema nyumba yetu imetulia, bila kuuliza imetulia kwa sababu gani. Mtoto alikuwa anakubishia kila siku, sasa hakubishii, unasema amekua. Ndugu yako alikuwa anakulaumu humtembelei, ameacha kulaumu, unasema ameelewa. Dhamiri ilikuwa inakuchoma ukifanya jambo lile, sasa haichomi tena, na unatoa ushuhuda kwamba Mungu amekupa amani. Ni amani, ndugu yangu, au ni sponji? Tumewaambia wangapi wanyamaze, wakatutii?

Tukitoka hapa kila mmoja ana mtu wake wa kwenda kumwuliza. Msimwulize kwa maneno ya jumla, "habari za siku nyingi," maana atawajibu "nzuri." Mwambieni, "Kuna jambo ulikuwa unaniambia zamani nikakunyamazisha. Naomba uliseme tena." Na akianza kulisema msijitetee. Kelele zitawaumiza masikio. Kaeni nazo.

Na mimi ninayesema haya si msafi. Yupo mzee wa kanisa hapa kwetu, nanyi mnamjua, aliyekuwa akinipinga kila kikao. Hesabu ya viti, ratiba ya ibada, hata sauti ya kipaza sauti. Siku moja nilimjibu vibaya mbele ya baraza zima. Tangu siku hiyo vikao vyetu vinakwisha mapema, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, tena kwa sauti. Leo ni Jumapili ya tatu sijamwona kwenye benchi lake, na sijauliza.

Kwa hiyo tukimaliza ibada msinisubiri mlangoni kunipa mkono. Nakwenda kwake.