Siku ya Tisa Isiyo na Namba

Hadithi hii si yangu. Nimeipata kwa mtu aliyekuwepo, akaniomba nisimtaje jina. Nalisema hilo mapema, kwa sababu ukifika mwisho utaona kwa nini siwezi kuituma nikanyamaza kana kwamba nimeitunga mimi. Nimeisoma mara tatu, na mara mbili za mwanzo sikujua nimwonee huruma nani.

Kulikuwa na profesa mmoja aliyeitwa Kalokola. Ukizungumzia muhogo, hakuna aliyemgusa. Makala zake zilikuwa nyingi hata mwenyewe hakuzijua idadi. Akiombwa orodha yake, alimwambia katibu muhtasi aihesabu.

Siku moja jarida la chuo fulani likamletea mswada aupime kama unafaa kuchapwa. Majarida ya wasomi yana desturi yao: mswada huja ukiwa umeondolewa jina la mwandishi, na mwandishi naye haambiwi anapimwa na nani. Wanataka mtu apime kazi, asipime sura.

Mswada ulihusu makopa, ule muhogo mkavu wa kusini. Ulieleza jinsi unyevu unavyopungua siku baada ya siku, makopa yakianikwa juu ya chanja, yale majukwaa ya miti ya kuanikia. Profesa akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza aliusoma akiridhika. Wa pili akakunja uso. Wa tatu akasimama kabisa, kiti kikaanguka nyuma yake.

Maneno yalikuwa yake!

Akafungua kabati, akatoa makala yake iliyochapwa ng'ambo miaka minne nyuma, akaziweka mbili pamoja. Zilifanana aya kwa aya, mpaka mkato kwa mkato. Siku hiyohiyo akamwandikia mhariri: "Nimeibiwa mchana kweupe. Namtaka mwizi huyu kwa jina, na afungiwe mlango wa kila jarida nchini."

Mhariri mkuu alikuwa mama mmoja asiyependa pupa, Mama Hyera. Akalinganisha, akaona mzee hakusema uongo. Akatafuta jina la mwandishi. Lilikuwa la Somoe Mchopa, mhadhiri msaidizi wa chuo kidogo cha mkoani. Somoe alikuwa akiisubiri makala hiyo ichapwe ili athibitishwe kazini, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Ikithibitika ameiba, hakuna chuo ambacho kingempa tena chaki.

Somoe alipopata barua ya tuhuma aliisoma, akairudia, asiielewe. Eti ameiba maneno. Maneno gani? Yale aliyoyaandika yeye, kwa mkono wake, akiwa amechuchumaa chini ya chanja na mizani? Akampigia mama yake.

"Mama, mtu anajiibiaje?"

"Sijui, mwanangu. Labda wamekosea mlango."

Kamati ya maadili ya jarida ikawaita mlalamikaji na mlalamikiwa, kila mmoja bila kuambiwa atamkuta nani. Profesa alitangulia. Somoe akaingia na begi zito begani, akamwona, akainama kidogo kama alivyozoea.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Somoe. Umefuata nini huku?"

"Nimeitwa. Nimeambiwa nimeiba."

Profesa akamgeukia Mama Hyera. "Ndiye huyu? Huyu ni mwanafunzi wangu! Nimemsimamia miaka mitano!"

"Ndiye mwandishi," akasema Mama Hyera.

Hapo Profesa akaumia kweli, na tusimsingizie, hakuwa anaigiza. Kuibiwa na mtu baki ni jambo moja. Kuibiwa na uliyemfundisha kushika mizani ni jambo jingine. Somoe naye alikuwa amesimama na begi lake, hajui akae au atoke. Ndipo alipoonyeshwa ile makala ya ng'ambo kwa mara ya kwanza. Chuo chake hakikuwa na jarida lile. Akaona maneno anayoyajua kama anavyojua uso wake, na juu yake jina moja tu, la Profesa Kalokola.

"Profesa," akauliza taratibu, "hii ni nini?"

"Na mimi nakuuliza wewe!"

Wajumbe wakatazamana. Mmoja wao akasema, "Jamani, mbona sioni tunachojadili? Maneno ni yaleyale. Makala ya Profesa ina miaka minne. Tasnifu ya Somoe imepitishwa miaka miwili tu iliyopita. Aliyetangulia ndiye mwenyewe."

Ilionekana imekwisha. Macho ya Somoe yakalowa.

Mama Hyera akasema, "Ngojeni. Kuna kitu kimoja hakifanani." Akawapa wote karatasi mbili. "Tazameni jedwali la tatu, vipimo vya unyevu vya siku kumi na nne. Katika makala ya Profesa, siku ya tisa ni asilimia kumi na saba. Katika mswada wa Somoe, siku ya tisa ina kistari tu. Profesa, siku ya tisa kulikuwa na nini?"

"Kulipimwa. Kumi na saba."

"Alipima nani?"

Profesa akaitazama karatasi. "Timu yangu," akasema.

"Somoe, siku ya tisa kulikuwa na nini?"

"Msiba, Mama."

Somoe akaendelea. "Chanja zilikuwa za Bibi Asumini. Alfajiri ya siku ya tisa mwanawe alifariki. Kijiji kile kukiwa na msiba, hakuna anayetwanga wala anayegusa chanja mpaka maiti izikwe. Mimi nilikuwa mgeni wake, nilikuwa nalala kwake. Nisingeweza kumwambia samahani Bibi, napima makopa. Nikaweka mizani chini, nikaenda kuteka maji na wanawake wenzangu. Waliokwenda makaburini walirudi jua limeshazama. Kwa hiyo siku ya tisa haina namba. Haikuwahi kuwa nayo."

"Una ushahidi?" akauliza yule mjumbe aliyesema aliyetangulia ndiye mwenyewe.

Somoe akafungua begi. Zilikuwemo rasimu sita za tasnifu yake, zote zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Alizitunza kama watu wanavyotunza vyeti. Ya kwanza kabisa ilikuwa na tarehe ya miaka sita nyuma. Akafungua jedwali la tatu, akampa Profesa, si wajumbe.

Pembeni ya kile kistari paliandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulalia kulia: "Jaza!"

Rasimu ya pili: "Siku ya 9, jaza." Ya tatu: "Bado hujajaza?" Ya nne: "Chukua kati ya siku ya 8 na ya 10. Weka 17." Ya tano: "Nimesema 17." Ya sita ilikuwa na alama ya kuuliza tu, kubwa, imekazwa mpaka karatasi imetoboka.

Profesa alizitazama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwandiko wake aliujua.

"Niliisahihisha mara sita," akasema hatimaye, kama mtu anayejisemesha. "Kila mara nabadilisha sentensi, nanyoosha hapa, nakata pale. Baadaye nikiisoma naisikia kwa sauti yangu. Ng'ambo walipoomba makala, nikaona ninayo. Wallahi Somoe, nilidhani ninayo." Akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Profesa? Sikujua kama imechapwa. Nilijua tu kwamba unairudisha kila mara na kuniambia haijaiva."

Hilo lilimchoma kuliko zile rasimu zote. Maana ilikuwa kweli: mwaka uleule aliomwambia Somoe kazi haijaiva, kwake ilikuwa imeshaiva na kuliwa.

Mama Hyera akasema, "Kuna la mwisho, Profesa. Hiyo kumi na saba imenukuliwa na watafiti sita. Mmoja ameandikia wakulima mwongozo wa kuhifadhi makopa, na siku ya tisa ameipigia mstari. Watu sita wanaitegemea namba ya siku ambayo kijiji kizima kilikuwa msibani."

Profesa akaomba karatasi. Wajumbe wakadhani anaandika utetezi. Aliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda ng'ambo, kuomba makala yake ifutwe na sababu itajwe bila kufichwa. Ya pili ilikuwa fupi, kwa mhariri: "Mimi mhakiki wa mswada huu nimethibitisha kwamba kuna wizi. Mwizi ni mhakiki. Mswada uchapwe, na kistari kibaki."

Makala ya Somoe ikatoka kabla mkataba wake haujaisha. Jina juu ni moja, lake. Mwishoni kuna shukrani, mistari miwili tu. Mstari wa kwanza unamshukuru Bibi Asumini, aliyempa chanja zake na kumwachia nafasi ya kulia naye. Wa pili unasema: "Namshukuru Profesa Kalokola, aliyeisoma kazi hii mara sita."

Aliyeniletea hadithi hii anasema Profesa aliukata ukurasa ule, akauweka chini ya kioo cha meza yake. Wanafunzi wakimletea kazi, huwaonyesha ule mstari na kuwaambia, "Hapa ndipo jina langu linapokaa." Sijui kama anausoma kwa fahari au kwa aibu. Nimejaribu kuamua, nimeshindwa.

Ukiituma kwa mwingine, usiukate mwanzo wake.

Funzo: Kunyoosha maneno ya mwenzako hakukufanyi mwenye maneno, na pengo lililoachwa wazi kwa ukweli lina heshima kuliko namba iliyotungwa.