Kibaba cha Akili cha Sultani Shekue

Palikuwa na sultani wa mji wa Kilambwe, jina lake Shekue, aliyetaka kila mwenye kibanda sokoni apimwe akili. Alitunga maswali kumi mwenyewe, akaapa: atakayepata chini ya sita ni mpumbavu, na mpumbavu hana kibanda katika soko lake. Nyinyi chekeni tu. Wenzenu walifungasha virago.

Basi mjue na hili. Sultani alikuwa na maradhi ya tumbo, na mganga wake alikuwa amemkataza kutia kitu kinywani mpaka adhuhuri. Asubuhi ilikuwa taabu kumsogelea. Kinyozi alipimwa asubuhi akapata mbili, akaondoka sokoni na wembe wake.

Zamu ikamfikia Bi Mashavu binti Kombo, muuza mtama. Kibanda chake kilikuwa mlangoni pa soko, penye kivuli, na amekaa hapo tangu mumewe afe, miaka kumi na tisa. Feruzi, mpwa wa sultani, alikimezea mate kibanda kile siku nyingi. Bi Mashavu alilijua hilo. Usiku ule hakulala vizuri, maana akitoka pale hana pengine pa kwenda. Kulipokucha akajifunga kanga, akaenda ikulu.

Karani Makame alikuwa na wino wake tayari. Sultani akauliza, "Kitu gani kizito kuliko vyote?"

"Tumbo tupu, Maulana."

"Upuuzi. Sifuri. Mpumbavu utamtambuaje?"

"Hatafutwi, Maulana. Hujileta mwenyewe."

"Unamsema nani? Sifuri. Na nani mwenye akili kuliko wote mjini?"

"Aliyeamka leo akaamua kunyamaza."

"Sifuri tena."

Wakaenda hivyo mpaka la kumi. Karani akasoma: tatu. Feruzi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mjomba wake, tayari alikuwa anawaza atapanga wapi magunia yake.

"Kusanya vyombo vyako," akasema Sultani.

Ulimi haukumwacha Bi Mashavu. "Nitakusanya, Maulana. Ila mimi ni mtu wa vipimo. Kule sokoni, kila Ijumaa mkaguzi wako huchukua kibaba changu, akapima mtama, akaumwaga, akaupima tena mtama ule ule. Mara mbili. Ndiyo sheria yako."

"Naijua sheria yangu. Kuna watu hutia kitako cha kusogea ndani ya kibaba. Wanunuapo wao kinameza, wauzapo kinabana."

"Ndiyo hiyo. Basi na hiki kibaba chako cha akili, kimepimwa mara mbili?"

Sultani akaona amedharauliwa. "Kipimo changu hakina kitako cha kusogea. Nikuulize mara mia, kitatoa kile kile."

"Mara mia nyingi, Maulana. Mimi naomba moja tu. Niulize maswali yale yale, nitajibu maneno yale yale, karani anayo hapo kwenye karatasi. Nikibadilisha hata neno, kibanda mpe Feruzi, na mtama wangu juu yake."

"Haya, anza sasa hivi."

"Sasa hivi Maulana umechoka kwa ajili yangu. Nitarudi baada ya adhuhuri."

Hapo Feruzi akataka kusema kitu, lakini mjomba wake alikwisha kunusa jikoni, akakubali upesi.

Bi Mashavu akakaa ukumbini, akasikia sinia ikiingia, akasikia sinia ikitoka. Pilau ya mbuzi, kachumbari, na halua juu yake. Akaitwa. Sultani alikuwa ameegemea mto, mkanda umelegezwa, macho yamemlegea.

"Kitu gani kizito kuliko vyote?"

"Tumbo tupu, Maulana."

Sultani akacheka mpaka mto ukaanguka. "Wallahi kweli. Moja. Na mpumbavu utamtambuaje?"

"Hatafutwi, Maulana. Hujileta mwenyewe."

"Makame, umesikia? Huyu mama ana maneno. Moja."

Karani alifuata kwenye karatasi kwa kidole, neno kwa neno. Halikubadilika hata moja. Walipomaliza akahesabu, akakohoa, akahesabu tena.

"Nane, Maulana."

"Ala," akasema Sultani, amefurahi. "Asubuhi ulipata ngapi?"

"Tatu," akasema karani, safari hii kwa sauti ndogo.

Sultani akajiinua juu ya mto, usingizi ukamtoka. "Umeongezeka akili wewe mwanamke? Kwa saa nne?"

"Mimi nilikaa ukumbini, Maulana, hata maji sijanywa. Mtama ni ule ule."

"Sasa nane zimetoka wapi?"

"Jikoni."

Karani akainamia wino wake, mabega yanamtikisika. Sultani akamtazama, akamtazama Feruzi, akarudi kwa Bi Mashavu. "Unataka kuniambia miezi miwili hii sikuwa napima akili za watu?"

"Ulikuwa unapima, Maulana. Ila ulikuwa unapima njaa yako, na sisi ndio tuliokuwa tunafeli."

"Ulimi wako utakuponza," akasema Sultani. "Na mimi sheria yangu sijaisahau. Kibaba kikitoa tatu kisha kikatoa nane, mtama ule ule, hufanywa nini?"

"Huwekwa juu ya lile jiwe la mlangoni pa soko, Maulana, kikavunjwa watu wote wanaona."

"Basi kivunjwe," akasema Sultani, akitaka yaishe. "Makame, mpe hayo maswali akayachane."

Bi Mashavu akaipokea karatasi, akaigeuza huku na huku, akairudisha mezani kwa adabu.

"Hii ina maswali tu, Maulana. Kibaba kilichotoa tatu na nane ni kichwa chako. Sasa utakwenda kulala kidogo, au tuongozane mpaka kwenye jiwe? Maana mimi kibanda changu kiko njia hiyo hiyo."