Fisi Alivyobeba Treni ya Kindi

"Mlioketi!"
"Tumeketi!"
"Nikianza?"
"Anza!"
"Nikidanganya?"
"Danganya vizuri!"

Basi ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, Mama Kanga alipopanda treni ya Bi Kindi, amekumbatia kapu la mayai.

"Dada Kindi, ndiyo yaliyobaki haya," alisema. "Mengine Fisi aliyala safari iliyopita. Na huku nyasi zote zimeungua, nitaatamia wapi?"

Bi Kindi, dereva, alimwonyesha kiti. Reli nyembamba ya msituni iliishia Mpakani, na reli pana ya mbugani ilianzia hapohapo. Treni ya huku haikwenda kule. Kila abiria alishuka, kila mzigo ulishushwa. Na msimamizi wa Mpakani alikuwa Fisi, mwenye sheria moja tu: "Kikigusa ardhi yangu, changu!" Ndizi ikigusa, kwapu! Kuku akigusa, kwapu! Yai likigusa, kwapu!

Lakini safari hii Kindi alikuwa na treni mpya, ya mwendokasi, ambayo magurudumu yake yaliweza kuteleza kwenye ekseli, ule mtaimbo unaoyashikilia, yakaachana hadi upana wa reli ya pili, yakajifunga tena kwa kufuli. Alikuwa amekagua kila kufuli, akarudi akakagua tena. Ila gurudumu lenye uzito juu yake halitelezi hata kidogo. Lazima mtu anyanyue behewa. Na mwenye nguvu hizo Mpakani alikuwa mmoja.

Vuuu! Wakafika.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Shusheni!"

"Leo hatushushi, mzee. Tunapita."

"Mnapita? Na mimi nile nini?"

"Ndilo lililonileta. Mkubwa kama wewe, kila siku unaokota pembeni! Hebu lala chali kwenye lile shimo la mafundi, katikati ya reli, uinue mabehewa kwa miguu yako minne yakipita. Kitu kikianguka, kitaangukia wapi?"

Fisi alifikiri. Udenda ukamtoka. "Kinywani!"

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe."

Fisi akajilaza chali, kinywa wazi. Treni ikaja taratibu. Behewa la kwanza: Fisi akainua, hiii! Magurudumu yakateleza, kriii! Kufuli zikafunga, kha! La pili: hiii! kriii! kha!

"Mbona hakianguki kitu?" Fisi alilia kutoka chini.

"Vinono viko nyuma, mzee! Inua!"

Likaja behewa la Mama Kanga. Hiii! Mama Kanga akafumba macho. Kriii! Kapu likayumba. Kindi akashika mkia wake mwenyewe kwa woga. Kha!

Kikaanguka kitu kimoja: tone la grisi, ndo! hadi kooni mwa Fisi.

Vuuu! Treni ikashika reli pana, na jioni Mama Kanga akaatamia mbugani, mayai yake yote mazima.

Hadithi imefika mwisho wa reli, shukeni. Na funzo lake, wanangu, muwe na msimamo: anayebadilisha miguu njiani hafiki kokote.

"Aka! Si amefika?"

Nyamazeni, funzo ni funzo.

"Na Fisi je?"

Fisi? Asubuhi iliyofuata Bi Kindi alimkuta shimoni vilevile, miguu inatetemeka. Akachemsha maji, akamkanda mguu mmoja baada ya mwingine, kwa upole, bila kuruka hata kidole.

"Pole, mzee wangu," akamwambia. "Jikaze kidogo. Leo tunarudi, na behewa la mwisho nasikia lina nyama."