Kwa Nini Mtoto wa Mtu Hukawia Kutembea

Hapo mwanzo, kabla mbeleko haijajulikana, mtoto wa binadamu alizaliwa kama mwana wa mbuzi. Alianguka chini, akajikung'uta, akasimama. Alinyonya mara moja, naye kabla ya jua kutua alikwisha kwenda zake, hamjui mama wala mama hamjui. Watu hawakuona ajabu. Ndivyo dunia ilivyokuwa.

Ila Nakijwa, mke wa mhunzi mmoja wa milimani, hakuzoea. Alikuwa amezaa mara tatu, na kila mara alibaki na maziwa yakimchuruzika kifuani pasipo wa kuyanywa. Kila kijana aliyepita njiani, Nakijwa alimkazia macho: si mwanangu huyu? Vijana waliitikia salamu, wakapita.

"Mke wangu, unamlilia mgeni," mumewe alimwambia.

"Mgeni hukaribishwa akaketi," akajibu. "Wangu hawakuketi."

Alipopata mimba tena, alipanda hadi kileleni, ambako Muumba alikuwa angali akisikiliza watu.

"Nataka akae nami nimjue," alisema.

"Akiwa na nguvu ataondoka," Muumba akamjibu. "Ili akae, sharti nimvue nguvu zote. Atalia usijue analilia nini. Utalima naye mgongoni. Usingizi utausikia kwa majirani."

"Mvue. Lakini umrudishie polepole, nami nikiona."

Mtoto akazaliwa, akaitwa Kiangi. Shingo ilimlegea kama bua lililonyeshewa. Majirani wakaja kutoa pole. Mama mkwe akanong'ona, "Mwanangu, huyu hakukamilika. Kamwache msituni." Nakijwa alichana nguo yake, akamfunga mtoto mgongoni, akashika jembe. Hiyo ndiyo ikawa mbeleko ya kwanza.

Kisha nguvu zikaanza kurudi. Mahindi yalipochipua, Kiangi alimtazama mama yake usoni akatabasamu. Nakijwa aliketi palepale shambani, akalia. Shingo ikakaza. Mikono ikajua kushika, ikamng'ang'ania mama nywele. Wakati wa mavuno aliketi bila kuegemezwa, na kiangazi kilipoingia alikuwa akitambaa hadi mekoni kula majivu. Mama mkwe sasa ndiye aliyegombania kumpakata, naye mtoto akamkataa kwa kilio, maana alikwisha kumjua mama yake.

Ikabaki nguvu ya miguu, na hiyo Nakijwa aliihofu. Asubuhi moja, mawingu ya vuli yakikusanyika, Kiangi alishika ukuta, akasimama dede. Akaachia. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, akielekea mlangoni. Moyo ulimwambia Nakijwa amdake. Akajizuia, akauma kidole.

Mtoto alipofika kizingitini alisimama, akageuka. "Mama," akasema.

Halikuwa limewahi kutamkwa na mtoto yeyote neno hilo. Kisha akatoka kucheza, na njaa ilipomuuma alirudi.

Wanawake walipoona hayo, nao walipanda kileleni kuomba vivyo hivyo. Na tangu siku hiyo, ndama husimama siku anayozaliwa, lakini mtoto wa mtu hukawia karibu mwaka mzima, akirudishiwa nguvu kidogo kidogo mikononi mwa mamaye. Wale watatu wa Nakijwa hawakuonekana tena. Ndiyo maana hata leo, mtoto anapopiga hatua zake za kwanza, mama humpigia makofi huku akicheka, na ukimwangalia vizuri utaona machozi yamemlenga.